Mkono mpya wa gia kwa Polaris RZR XP 1000: shajara ya mradi

Ijumaa: gari na malalamiko yake

Gari ni Polaris RZR XP 1000 ya viti viwili, UTV (gari dogo la wazi la nje ya barabara): injini ya silinda 2, cc 999, mkanda wa CVT (unaopita kati ya puli mbili na kubadili uwiano wenyewe), na nyuma yake giaboksi yenye nafasi tano kwa mpangilio wa H (mwendo wa juu), L (mwendo wa chini), N (huru), R (kurudi nyuma), P (kuegesha). Kazi yake ni mchanga wa Sharqiya, Oman, ambako vumbi huingia hata pale unapodhani pamezibwa.

Malalamiko ni matatu. R haiingii mpaka ilazimishwe. Skrini mara moja moja huonyesha vistari viwili badala ya herufi ya gia. Kwa Polaris hiyo ni ishara kwamba kompyuta haipati taarifa ya gia, au gia imesimama kati ya nafasi mbili. La tatu ndilo lililoleta kazi: dereva akisimama juu ya tuta na kutoka H kwenda L kabla ya kuteremka, mkono unapitiliza L na kutua N. Akiachia breki, gari linaserereka. N haina breki ya injini, na gari lisiloshikwa na injini kwenye mteremko wa mchanga huanza kugeuka ubavu. Asiye na uzoefu atakanyaga breki kwa nguvu, na hapo magurudumu ya mbele yanachimba.

Mwenye gari anataka mkono wenye geti, yaani bamba la chuma lililokatwa njia, kila gia na chumba chake. Ombi si baya. Ila kwenye UTV mkono mpya hununuliwa mara nyingi kutibu ugonjwa ulioko kwingine, kwa hiyo vipimo kwanza.

Jumamosi: kupima kabla ya kununua

Giaboksi hii haina sinkronaiza, yaani kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijakamatana. Gia hukamatana kwa meno mapana ya ubavuni, na foku za ndani ndizo zinazoyasukuma yakutane. Ili yaingiane, shafti inayoingia kwenye giaboksi lazima iwe imesimama au karibu kusimama, na kinachoizungusha ni mkanda. Ndiyo maana kuna swali moja linalotangulia mengine yote: injini ikizimwa, gia zinaingia vizuri?

Gari likae mahali tambarare, injini izimwe, gia zote zipitishwe moja baada ya nyingine. Moja ikigoma, achia breki na msaidizi alisukume gari kidogo mbele na nyuma. Meno yakikutana uso kwa uso hayaingii hata giaboksi ikiwa mpya kabisa. Kisha washa injini, kanyaga breki, rudia.

Kama zinaingia laini injini ikizimwa lakini zinasaga ikiwashwa, usinunue mkono. Mkanda unaburutwa. Angalia mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta (kwa gari hili uwe karibu na 1,200 kwa dakika), uchafu kwenye nyuso za puli ya mbele, beringi inayozunguka huru upande mmoja tu, iliyo ndani ya puli hiyo hiyo, na kama mkanda uliofungwa ni wa namba sahihi. Beringi hiyo ndiyo inayoleta breki ya injini. Ikikwama, mkanda unazunguka hata gari likiwa limesimama, na R italia kila siku. Dalili nyingine ya klachi (yaani puli hizi na mkanda wake) ni ugumu unaokuja tu baada ya kusimama ghafla kwenye mchanga: mkanda haujapata nafasi ya kurudi juu kwenye puli ya nyuma, bado umebanwa. Hapo dawa ni dereva kuliacha gari limalizie mita za mwisho polepole.

Gari hili lilikuwa gumu katika hali zote mbili. Klachi ikaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Hatua iliyofuata ni kutenganisha kebo na mkono mdogo wa pembeni mwa giaboksi, kisha kuusukuma mkono huo kwa vidole. Ndani kuna gurudumu dogo lenye mabonde matano, na roli inayokandamizwa na springi. Roli ikitumbukia bondeni, gia imekaa. Ule mbofyo unaosikika mkononi unatoka huku nyuma, siyo kwenye kitako cha mkono. Kwa vidole, mabonde yote matano yalipatikana wazi, na skrini ikaonyesha herufi sahihi kila mara. Giaboksi nzima, swichi ya gia nzima. Kwa kuwa swichi iko kwenye giaboksi, kubadili mkono hakugusi umeme kabisa.

Ikabaki kebo na mkono. Kebo ikiwa imefunguliwa upande wa nyuma, mkono wa gia unapaswa kwenda na kurudi bila kukwama popote. Huu ulikuwa mzito, na uzito uliongezeka upande wa R na P. Ukiutikisa kushoto na kulia, kitako chote kilikuwa kinacheza kama jino bovu. Bushi za plastiki za pini ya chini zimelika upande mmoja, umbo la yai. Kwenye ncha ya kebo, mpira wa kuzuia vumbi umechanika, na fimbo ya chuma ina mikwaruzo mirefu inayoshikika kwa ukucha.

Kwa hiyo: bushi zimekwisha na kebo imeingiwa na mchanga. Mtu angeweza kubadili hivyo viwili tu na kuondoka na gari linaloingia gia vizuri. Hilo tulimweleza mwenye gari. Lakini bushi mpya haziondoi lile la kupitiliza L hadi N, maana mkono wa kiwandani haumzuii dereva mwenye haraka kati ya nafasi hizo. Geti lina hoja.

Kabla ya kufunga siku, kipimo kimoja ambacho wengi wanakiruka. Zungushia karatasi ya gundi kwenye fimbo ya kebo pale inapotoka kwenye ganda, rudisha kebo kwenye giaboksi, tia kila gia kwa kusukuma mkono mdogo wa giaboksi mpaka roli itulie bondeni, na kila mara weka alama ya kalamu. Utapata alama tano. Pima kwa vernia (kipimio cha milimita) umbali kati yao. Namba hizo nne ni siri ya mradi mzima. Bila hizo unanunua geti kwa kuangalia picha.

Jumatatu: aina zilizopo sokoni

Kuna kundi la kwanza, la kubadili kichwa tu: mpira wa alumini, kishikio cha umbo la T, mara nyingine chenye kitufe cha redio. Hakuna kinachobadilika kwenye gia. Cha kuangalia ni nyuzi za bolti, kwa sababu vichwa vinauzwa kwa nyuzi za milimita (M8 au M10) na za inchi (3/8 au 1/2), na ile bushi ya kubadilishia inayokuja kwenye boksi hulegea kwa mtikisiko.

Kundi la pili ni fimbo mpya juu ya kitako cha zamani, ndefu zaidi au fupi zaidi. Linafaa kwa mtu mwenye mkanda wa pointi nne, ambaye akishabana mabega hawezi kuinama mbele kuifikia H. Kwa gari lenye bushi zilizokwisha ni kupaka rangi nyumba inayovuja.

La tatu ni mkono kamili wenye geti: kitako, pini, beringi, bamba. Hapa ndipo tulipo.

Ipo pia mikono ya mfuatano, ya kusukuma na kuvuta tu. Hiyo ina maana kwenye Yamaha YXZ1000R, ambayo ina giaboksi halisi ya gia tano na klachi ya mguu kwa matoleo yasiyo na pala za kubadilishia gia kwenye usukani. Kwenye RZR au Can-Am Maverick X3 ni pambo. Na mwenye Honda Talon 1000 asome hii kwa starehe tu: gari lake lina klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta.

Jumanne: geti gani

Matangazo yanasifia kizuizi cha R. Kinasikika vizuri, kwa sababu kila mtu anaogopa kuingiza R gari likitembea. Lakini mpangilio wa gia ndio unaoamua kizuizi kikae wapi, na mipangilio haifanani. Maverick X3 ina P, R, N, H, L. Kule, L iko mwisho. Ukitoka H kwenda L huwezi kupitiliza popote, na hatari iko upande wa pili, ukirudi L kwenda H ukaangukia N, au ukitoka H ukavuka N hadi R. Polaris ina H, L, N, R, P. L iko katikati ya H na N. Hatari ya kila siku ni ile ile ya mwenye gari: H, L, loo, N.

Kwa hiyo kwa Polaris hatua ya pembeni (pale mkono unapolazimika kusogezwa kando kabla ya kuendelea) tunayoitaka kwanza ni kati ya L na N. Ya R ni ya pili. Tulilinganisha miundo mitatu. Mmoja una njia iliyonyooka na kitufe cha kubonyeza kichwani kabla ya R. Springi ya kitufe ni nyembamba, iko wazi kwa mchanga, na L na N zimeachwa bila kitu. Wa pili una hatua za pembeni kwenye R na P tu. Wa tatu una njia ya zigizaga: H na L ziko mstari mmoja, unavuta pembeni kuingia N, kisha pembeni tena kwa R, na P peke yake mwisho. Tulichukua huu wa tatu.

Ubaya wake usifichwe. Gari likizama kwenye mchanga, dereva anataka kulitikisa kwa kwenda L, R, L, R. Kila kona ya geti inamchelewesha. Kwa mashindano ya mchangani au kwa mtu anayezama mara kwa mara, muundo wa pili unaweza kumfaa zaidi. Gari hili linabeba watu wanaojifunza, na mteremko ni hatari kuliko kuzama.

Jumatano: hesabu ya mkono na vyumba

Muuzaji akikwambia mkono wake una mwendo mfupi, muulize umefupishwa vipi. Uwiano wa mkono ni urefu kutoka kichwani hadi kwenye pini, ukigawanywa kwa umbali kutoka kwenye pini hadi tundu la kebo. Chukua namba rahisi: juu mm 240, chini mm 48, uwiano ni 5. Kama kebo inataka mm 15 kwa gia moja, kiganja kinasafiri mm 75. Mkono mpya una mm 200 juu na mm 50 chini. Uwiano ni 4, kiganja kinasafiri mm 60. Safi. Lakini nguvu iliyokuwa kilo 2 sasa ni kilo 2.5. Mwendo hupunguzwa kwa kulipa nguvu, hakuna njia ya tatu. Mkono mfupi ukifungwa juu ya kebo iliyojaa mchanga unafanya gari lile lile liwe gumu zaidi, na lawama inaenda kwa mtengenezaji.

Kuna jambo la vyumba ambalo linaharibu geti nyingi. Mkono unazunguka kwenye pini, kebo inakwenda mstari. Tukibaki na mm 15 kwa kila gia na tundu la kebo mm 50 chini ya pini, huku N ikiwa wima katikati: kutoka N hadi L au R mkono unainama nyuzi 17.5, lakini kutoka hapo hadi H au P unainama nyuzi 19.4 zaidi. Kwenye bamba lililopinda kufuata duara, mm 90 juu ya pini, umbali wa kwanza ni mm 27 na wa pili mm 30. Kwenye bamba bapa la urefu huo huo ni mm 28 na mm 39. Geti bapa lenye vyumba vilivyopangwa kwa nafasi sawa haliwezi kuwa sahihi kwa gia zote tano, isipokuwa pale mkono mdogo wa giaboksi unaporudisha tofauti hiyo, kwa kuwa nao unazunguka. Huwa unairudisha nusunusu. Ndiyo sababu ya zile alama tano: zipeleke kwenye mchoro wa geti uone roli itatua wapi.

Kingine ni nafasi ya kupumua. Bonde la giaboksi ndilo linaloamua gia imekaa. Geti kazi yake ni kumzuia dereva, siyo kuishikilia gia. Fimbo ikiwa na kipenyo cha mm 12, chumba kiwe na urefu wa mm 16 hadi 18, ili fimbo isiguse ukuta wa mbele wala wa nyuma roli ikiwa bondeni. Chumba kikibana fimbo kabla roli haijafika chini, kebo inabaki imevutwa, foku inaegemea gia saa zote, na chuma kinasagana na chuma ndani ya mafuta. Mkononi utahisi geti imara, ya kibingwa. Kumbe ndani foku inalika. Meno nayo yakikamatana nusu hulika pembe, na kuanzia hapo gia inaruka yenyewe ukikanyaga mafuta. Hiyo ni kazi ya kufungua giaboksi.

Hatua ya pembeni haitakiwi kugusa kebo. Kama bawaba ya pembeni iko juu ya tundu la kebo, kebo haijui kitu. Kama fimbo yote inainama na tundu lake, basi ncha ya kebo iwe na kichwa cha mpira, yaani chenye tufe la chuma linalozunguka, siyo pini na klipu. Milimita 15 za pembeni kwa urefu wa mm 200 ni nyuzi 4 na kidogo, ambazo kichwa cha M6 cha kawaida kinazimudu bila shida.

Kuhusu malighafi maneno machache. Bamba la alumini 6061-T6 la mm 5 au 6 linatosha. Pini ikae kwenye beringi zilizofungwa kwa mipira pande zote mbili, au kwenye bushi za shaba zenye mafuta ndani. Plastiki tumeshaiona mwisho wake. Na kichwa kisiwe cha chuma kitupu. Alumini nyeusi iliyoachwa juani mchana wa Julai katika Ghuba haishikiki bila glavu. Kichwa cha asetali (plastiki ngumu) kinapata joto pia, lakini hakiunguzi kiganja.

Jumamosi: kufunga

Kabla ya kutoboa chochote, bamba lilichorwa kwenye kadibodi na kuwekwa mahali pake huku dereva amekaa, kiti mbele kabisa, mkanda umebanwa. Mambo matatu ya kuangalia: katika H kichwa kisiguse dashibodi, katika P kisiguse paja, na kiganja kilichovaa glavu kipite kati ya fimbo na usukani ukikatwa.

Zana: seti ya Torx, spana 8 hadi 13, spana ya torki, plaizi, drili na tupa. Vifaa nje ya boksi la mkono: kebo mpya ya gia ya viti viwili (ya XP 4, ya viti vinne, ni ndefu zaidi na haifai hapa), vichwa viwili vya mpira M6, washa pana mbili, nati za nailoni M6 na M8, gundi ya nyuzi ya buluu, na mita moja ya ganda la kuzuia joto.

Waya hasi wa betri ulitolewa, viti vikatoka, kifuniko cha katikati kikafunguliwa. Mchanga uliokuwa chini yake ulinyonywa kwa mashine. Usipulize kwa kompresa, utausukumia kwenye plagi za umeme. Giaboksi iliwekwa N, magurudumu yakazuiwa kwa kabari. Kebo ya zamani haikuvutwa nje kikavu: ncha yake ilifungwa kamba, ili kamba ibaki imepita njia ile ile na kuivuta mpya.

Njia ya kebo ni nusu ya kazi. Kila kona inaongeza msuguano, na kona kali ni mbaya kuliko kona nyingi za upole. Kwa kebo ya ukubwa huu weka nusu kipenyo cha sm 15 hadi 20 kwenda juu, na soma pia alichoandika mtengenezaji. Pale inapokaribia bomba la moshi, ganda la joto liwepo na pengo libaki hata injini ikitikisika kwenye mipira yake. Tai za plastiki zishike ganda bila kulibana. Kebo iliyonyongwa na tai ina dalili zile zile za kebo iliyojaa mchanga. Wala usiitie grisi wala mafuta kebo yenye utando wa plastiki ndani. Mafuta na vumbi la jangwani vikikutana vinakuwa msasa.

Kitako kifungwe kwenye fremu au kwenye mabano ya chuma ya kiwandani, kamwe kisikae kwenye plastiki ya kifuniko. Bamba likinepa mm 3 dereva anaposukuma, mm 3 hizo zimekatwa kwenye mwendo wa kebo, na utahangaika kurekebisha nati ambazo hazina kosa. Bolti za M6 daraja 8.8 zilikazwa Nm 10, za M8 Nm 25, na gundi ya buluu. Kwenye alumini, bolti ya chuma cha pua ipakwe dawa ya kuzuia kung'ang'ana. Bolti ikishapakwa hiyo usiitie tena gundi. Tumia nati ya nailoni kwa nyuma.

Kichwa cha mpira kiingie kwenye nyuzi za kebo angalau mm 9, kisha nati ya kufunga. Washa pana inakaa nje ya kichwa: mpira ukichomoka siku moja, washa inakizuia kisitoke kwenye bolti, na gari linarudi nyumbani kwa gia.

Jumapili: kurekebisha

Anza giaboksi ikiwa N bondeni, na mkono katikati ya chumba cha N. Unganisha kebo bila kuivuta. Hapo wengi wanaishia, na ndipo P inapokuja kusumbua. Kinachotakiwa ni kwenda mwisho wote: ingiza H, sukuma kidogo kupita bonde, ona kebo inasogea kiasi gani, fanya hivyo kwa P. Masogeo hayo mawili yawe sawa. Kama H ina mm 4 na P ina mm 1, nati mbili za kwenye mabano ya kebo zisogezwe mpaka zigawane. Kisha rudi N uone bado iko katikati ya chumba.

Kwa gari hili masogeo ya kebo yalisawazishwa vizuri, lakini fimbo iligusa ukuta wa chumba cha P roli ikiwa bado kwenye mteremko wa bonde. Ndicho kile ambacho alama za karatasi zilikuwa zimeonya: geti lilipangwa kwa nafasi sawa. Kurefusha au kufupisha kebo hapa kungeihamishia kasoro H. Dawa ilikuwa tupa: mm 2 ziliondolewa ukuta wa mwisho wa P, kona zikalainishwa, rangi ikarudishwa mahali palipobaki alumini tupu.

Ukaguzi wa mwisho ni wa kuangalia skrini. Ingiza kila gia, achia mkono, sukuma fimbo taratibu mbele na nyuma ndani ya chumba. Herufi isibadilike, vistari visitokee. Fanya injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwashwa huku magurudumu ya nyuma yako juu ya stendi.

Ijumaa: mchangani

H kwenda L juu ya tuta: mkono unasimama kwenye ukuta wa L hata ukivutwa kwa haraka. Hilo lilikuwa lengo, limepatikana. R inaingia kwa mbofyo mmoja. Kutoka L hadi R kumekuwa kwa polepole kuliko zamani, kama ilivyotarajiwa, na dereva aliyezoea mkono wa kiwandani hulalamika hapa kwanza.

P ilikwama kutoka mara gari lilipoegeshwa kwenye mteremko. Siyo geti. Ndani ya giaboksi kuna ulimi unaoingia kwenye gia kulizuia gari, na uzito wote ukiulalia, hautoki kwa mkono wowote. Utaratibu ni huu: simama kwa breki, weka N, hakikisha breki ndiyo inayobeba gari, ndipo uingize P. Wakati wa kuondoka kanyaga breki kwanza. Kama umeshakwama, gari lisukumwe kidogo kupanda huku mwingine akivuta mkono. Kuupiga kichwa teke kunapindisha fimbo na kuichosha kebo.

Kasoro iliyojitokeza ni kokoto. Geti liko wazi juu, na jiwe la ukubwa wa punje ya mahindi lilitua kwenye kona ya N na R, likaizuia fimbo isimalize hatua ya pembeni. Boksi la chini la kitako lilikuwa na sakafu; kilichoanguka ndani kilibaki ndani. Sakafu ilitobolewa matundu manne ya mm 20, na soksi ya ngozi bandia ikafungwa kwenye fimbo juu ya bamba. Soksi ya mpira mwembamba iliyokuja kwenye boksi isitegemewe, ilianza kupasuka kwenye mkunjo. Anayenunua geti aliangalie na upande wa chini kabla ya kulipa.

Yaliyobaki: bolti za kitako zikazwe upya baada ya saa 5 za injini, kisha zikaguliwe kila saa 25 pamoja na nati za vichwa vya kebo na mpira wa kuzuia vumbi wa ncha ya nyuma. Kebo ya zamani imetupwa. Kwenye sanduku la gari kuna kichwa kimoja cha mpira M6, nati mbili na bolti moja ya akiba, pamoja na spana 10 mbili.